Namba Iliyokuwa Juu ya Kikopo

Naanza na chakula, maana tarehe sizikumbuki na karatasi ya ajira sikuwahi kupewa. Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Kariakoo, Ilala, Buguruni, kila sufuria ukilifunua unakuta njano. Unga wenyewe ulikuwa wa foleni na ulinuka gunia. Chai tulikunywa kwa sukari guru, na aliyepata mkate alipita nao chini ya kanga kama kaiba. Mwaka huo ndio niliingia kazini, nina darasa la nne na gauni moja la kutokea.

Nawaandikia nyinyi vijana mliobaki pale dukani, kwa sababu tangu nistaafu kila nikipita mnaniambia, "Bibi, tusimulie." Nikikaa kusimulia mnaacha kazi. Basi someni wenyewe, kwa wakati wenu. Vyeo sitavitaja, sikuwa navyo. Mshahara ni siri yangu na Mungu wangu, na alikuwa anasikitika pamoja nami.

Duka lilikuwa la Mzee Nassor, fundi redio, Mwarabu wa hapa hapa mjini. Babu yake alizaliwa Kariakoo, ila watu bado walimwuliza kwao wapi. Mimi niliajiriwa kufagia na kuchemsha chai. Siku ya kwanza nilifagia vizuri kupita kiasi, nikazoa na vipuri vilivyodondoka chini ya meza, nikavitia kwenye ndoo ya taka. Mzee Nassor hakunigombeza. Aliimwaga ndoo yote mezani, akasema, "Haya, chambua. Kila chenye mistari inayofanana kiweke pamoja."

Vilikuwa rezista, vile vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Akaangalia, akaangalia tena.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu. Kutunga shanga."

Sikutania. Nimelelewa na mwanamke aliyetunga shanga za kiuno kwa nusu ya mtaa, na ukikosea rangi moja katikati ya mzunguko anaukata wote, unaanza upya. Macho yangu yalikuwa yameshasoma, ila si kwenye vitabu. Kesho yake Mzee Nassor alitafuta mtu mwingine wa kuchemsha chai. Nawaambia hivi ili mjue: yule mliyemdharau kwa sababu hajui Kiingereza, labda anajua rangi.

Alinifundisha kulehemu kwa kunishika mkono mara moja tu. Baada ya hapo niliungua mwenyewe mpaka nikajua. Alinifundisha kunusa, maana kapasita iliyokufa ina harufu yake na transfoma ina yake. Na alikuwa na taratibu mbili ambazo wengine pale mtaani walizicheka. Ya kwanza, kipuri cha zamani ulichokitoa unakifunga kwenye kipande cha gazeti na kumrudishia mwenye mali, hata kama atakitupa mlangoni. Ya pili, ukibadilisha kitu chochote ndani ya mashine, unaandika kwa penseli upande wa ndani wa kifuniko: umetoa nini, umeweka nini. Kisha unaweka alama yako.

"Kwa nini ndani? Nani ataona?" nilimwuliza.

"Fundi wa kesho," alisema. "Anayefungua mashine ni mtu mwenye shida. Usimwache peke yake."

Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, kwa hiyo alama yangu nilichora shanga tatu, viduara vitatu vimeshikana. Mpaka leo ziko kwenye vifuniko vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nyingine bila shaka ziko jalalani.

Wateja waliingia wakaniona nimeinama na chuma cha moto mkononi, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Nawajibu, "Kaenda kuoga, niachie mimi redio." Wakirudi redio inaimba. Mmoja alikuja mara nne na bado anamwuliza fundi. Ya tano nikamwambia fundi amefariki, akanipa pole.

Redio zikaja, zikapita. Zikaja kaseti, televisheni, deki. Halafu zikaja mizani za umeme, mashine za risiti na kompyuta, zote zina mkia mmoja: waya wenye kichwa cha pini tisa. Vijana mnauita siriali. Leo waya mwembamba wa kisasa umechukua nafasi yake karibu kila mahali, lakini mizani na mashine za hospitali bado zinaupenda ule wa zamani, kama wazee wanavyopenda redio.

Mzee Nassor alinieleza siriali siku moja tunakula, na sijasikia aliyeeleza vizuri zaidi, hata huyu mjukuu wangu mwenye diploma. Alisema: chukulia mwanamke anatwanga kwenye kinu, na wewe uko upande wa pili wa ukuta, humwoni. Unasikia mapigo tu. Penye pigo unaandika moja, penye kimya unaandika sifuri. Sasa, ili uandike sawasawa, lazima muwe mmekubaliana mapema mwendo wa kutwanga. Wewe ukihesabu haraka mara nane kuliko yeye, pigo lake moja utaliandika mara nane. Yeye katwanga mpunga, wewe umeandika upuuzi.

Na huo mwendo unatoka kwenye saa. Si saa ya mkononi. Ni kikopo kidogo cha bati kinachong'aa juu ya bodi, ndani yake kuna kipande kama cha kioo kinachotetemeka bila kuchoka. Tunakiita kristali. Juu yake imeandikwa namba: kinatetemeka mara milioni ngapi kwa sekunde moja. Kompyuta inaichukua namba hiyo, inaigawa mpaka ipate mwendo ulioagizwa. Basi. Kazi yangu ya nusu ya maisha ni hiyo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu kwa miaka mingi.

Ilikuwa karibu na Ramadhani, duka limejaa. Ikaletwa mizani ya ghala la mchele, inayotuma uzito kwenye kompyuta. Kristali yake ilikuwa imekufa. Yenye namba ile sikuwa nayo, ila nilikuwa na nyingine niliyoing'oa kwenye bodi mbovu, namba yake maradufu kamili. Nikaiweka. Mizani ikawa inaongea haraka mara mbili. Sikuhangaika. Nikaenda ghalani, nikaingia kwenye kompyuta, nikapandisha namba ya mwendo maradufu, wakaelewana. Uzito ukatoka safi. Mwenye ghala akanisifu.

Kwenye kifuniko sikuandika kitu. Niliona aibu kuandika kwamba nimeweka kipuri kisicho chake. Nilijiambia nitarudi nikipata chenyewe. Sikurudi.

Mwaka uliofuata ile kompyuta ilikufa, wakanunua nyingine. Aliyeifunga akasoma kibandiko cha mizani, akaweka mwendo ulioandikwa pale, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Yakatoka madudu matupu. Pale ghalani mpimaji alikuwa Mama Hadija, mwanamke mkimya, aliyekaa na mizani ile miaka. Wakasema yeye ndiye aliyeiharibu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu nayo. Wakamtoa kazini.

Mizani ikarudi kwetu. Mzee Nassor akaifungua, akachukua lenzi ya sonara aliyosomea maandishi madogo, akasoma kikopo. Akakigeuza kifuniko, hakuna kitu.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi."

"Mbona kifuniko kimenyamaza?"

Akafunga duka saa sita mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya isipokuwa kwa msiba, tukaenda Buguruni kwa Mama Hadija. Tulimkuta uani anachoma vitumbua vya kuuza. Mzee Nassor alinisukuma mbele. Nikamweleza. Alikuwa ameshika kijiti cha kugeuzia, akakigeuza kitumbua kimoja, na cha pili, na cha tatu, kisha akasema, "Kumbe si mimi. Mimi nilishaanza kuamini kwamba ni mimi."

Tulienda kwa mwenye ghala tukamweleza. Alisema amesikia, lakini nafasi ameshaijaza. Mama Hadija alichoma vitumbua mpaka mwisho wa maisha yake. Vilikuwa vitamu, na mimi nilikuwa naona taabu kuvimeza.

Mzee Nassor alipofariki duka likawa la mwanawe, Suleiman, ambaye nyinyi mnamwita Bosi na mimi namwita Sule kwa sababu nilimfuta makamasi. Lenzi yake ya sonara mzee aliniachia mimi. Sule ni mtu mwema, ana haraka tu. Yeye ndiye aliyempokea mjukuu wangu Rahma alipomaliza chuo cha kompyuta. Kabla ya hapo Rahma alikuwa anauza vifuniko vya simu Mtaa wa Kongo, na diploma yake iko chini ya godoro. Sitajidai mnyenyekevu: mtoto ana akili. Akiangalia maandishi ya kompyuta ni kama mimi na shanga.

Kazi yake ya kwanza kupewa peke yake ndiyo hii. Kulikuwa na mizani za kupimia watoto wachanga, zinakwenda vituo vya afya. Kila mizani na kompyuta yake, ili uzito uingie moja kwa moja kwenye jalada la mtoto, maana kwa mtoto mchanga dawa inafuata uzito. Kompyuta zile mpya hazikuwa na tundu la pini tisa, kwa hiyo Sule aliagiza kadi za kuchomeka ndani. Zikaja kadi, hazina hata karatasi ya maelezo. Rahma akaziwekea draiva, yaani yale maandishi yanayoifundisha kompyuta kuongea na kadi.

Mizani imeandikwa mwendo 9600, yaani mapigo 9600 kwa sekunde. Kompyuta akaiwekea 9600. Yakatoka madudu.

Siku mbili Rahma hakula vizuri. Alibadilisha waya, akabadilisha kompyuta. Siku ya tatu akawa anajaribu namba moja moja kwa hasira tu. Akafika 1200, uzito ukatoka safi kama maji ya chupa. Sule akapiga makofi. Mizani sita zikaondoka mchana huo huo bila kukaguliwa, maana nilikuwa kliniki ya macho. Zilizobaki zikapangwa mezani kwangu kusubiri alama, kwa sababu mkataba ulisema kila moja ikaguliwe na fundi mkuu, na mkuu kwa umri nilikuwa mimi.

Nikafungua ya kwanza. "Rahma, mbona mizani inasema 9600 na kompyuta inasema 1200?"

"Sijui, Bibi. Ila inafanya kazi."

"Nimekuuliza mbona. Kama inafanya kazi naona mwenyewe."

Nikaichomoa kadi, nikaiweka kwenye mwanga wa mlango, nikatoa lenzi. Kikopo kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. 14.7456.

"Humo kwenye draiva yako, wameandika saa ya kadi ni ngapi?"

Akatafuta. Alichukua muda. "1.8432. Lakini Bibi, hiyo ndiyo ya kawaida, kadi zote za zamani ziko hivyo."

"Hii si ya zamani. Nipe karatasi."

Kugawa kwa desimali sikusoma. Kuongeza maradufu najua, kila aliyewahi kupika shughuli anajua. 1.8432 mara mbili, 3.6864. Tena, 7.3728. Tena, 14.7456. Maradufu mara tatu, ndiyo nane. Kadi ilikuwa inatetemeka haraka mara nane kuliko draiva inavyodhani. Ukiiagiza 1200, inakupa mara nane yake, 9600. Ukiiagiza 9600, inakimbia huko hata mizani haiisikii.

Rahma akashika kichwa. "Nane kamili."

"Mmesoma mpaka mmechoka, ila kikopo hamkukisoma."

Alicheka, na mimi nikadhani tumemaliza. Kumbe ndio tulikuwa tunaanza. Sule alisogea akasikiliza, akasema, "Vizuri, sasa tunajua sababu. Basi tuache 1200, maisha yaendelee."

"Sule, hiyo namba ni ya uongo."

"Bi Zuhura, uzito unatoka sawa au hautoki sawa?"

"Unatoka."

"Basi uongo uko wapi? Zinatakiwa zitoke Ijumaa. Tukigusa draiva, zile sita zilizoko vituoni nazo tuzifuate moja moja. Mteja anataka mashine, hataki somo. Weka shanga zako tupakie."

Nikamwambia, "Alama yangu siiweki juu ya uongo, hata kama uongo unafanya kazi."

Akaniangalia kama baba yake, ila bila ule utulivu wa baba yake. Akasema kama ndivyo, kuna fundi Buguruni anaweza kukagua na kuimaliza kazi, na hata hizo zinazofuata. Akatoka nje na simu.

Rahma alinivuta nyuma ya rafu. Sauti ilikuwa ya chini. "Bibi, nilishamwambia nimemaliza. Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Ikienda Buguruni, mimi narudi Mtaa wa Kongo kuuza vifuniko vya simu. Unaniharibia, Bibi. Wewe."

"Basi utauza vifuniko."

Nilisema hivyo, na sijivunii. Akaanza kulia kimya kimya, bila hata kujifuta. Hapo ndipo nilipokaa juu ya kreti ya soda nikamsimulia Mama Hadija. Nilimsimulia yote, kristali, Ramadhani, kifuniko kilichonyamaza, vitumbua. Rahma alikuwa amekua anaamini kwamba bibi yake hajawahi kukosea mashine. Niliona ile imani inamtoka usoni, taratibu, na ilinikata maini. Lakini alinisikiliza.

"Kompyuta ya kituo itakufa," nikamwambia. "Zote zinakufa. Atakuja mtu ataifunga nyingine, atasoma kibandiko, ataweka 9600. Madudu yatatoka, watamtazama nesi. Wewe hutakuwepo kusema ni 1200. Utakuwa umeshaolewa."

"Mambo ya kuolewa yameingiaje?"

"Yameingia."

Akacheka huku kamasi zinamtoka. Akaenda kwenye meza yake, akakaa. Mstari wenyewe ulikuwa mmoja tu. Alifuta 1.8432 akaandika 14.7456, akaipika upya ile draiva kama wanavyosema, akaiweka kwenye kompyuta ya kwanza. Tukaweka jiwe la kilo mbili juu ya mizani. Yakatoka madudu.

Tulitazamana. Halafu Rahma akapiga paji lake. "Bado tumeiacha kwenye 1200." Yaani sasa kompyuta ilikuwa inasema kweli, na 1200 ilikuwa 1200. Akaandika 9600. Ikatoka: 2.000.

Sule alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na simu yake. Aliangalia kibandiko cha mizani, akaangalia kioo cha kompyuta, namba mbili zinafanana. Hakusema tumeshinda wala tumeshindwa. Alisema, "Zile sita mtazifuata kwa bajaji au kwa miguu?"

Wiki iliyofuata tulizifuata kwa bajaji. Vituo vitano tulifika, tukabadilisha, tukaondoka, hakuna aliyejali. Cha sita kilikuwa Buguruni, si mbali na uani kwa Mama Hadija. Nesi alikuwa binti mdogo. Rahma alipouliza mizani iko wapi, binti alisita, akasema inafanya kazi vizuri tu. Tukaenda kuiona. Kompyuta ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa cha meza. Pembeni kulikuwa na daftari la mistari, uzito wa watoto umeandikwa kwa mkono.

Siku chache nyuma umeme ulikatika ukarudi vibaya, kompyuta ikapoteza namba zake. Fundi wa kituo akasoma kibandiko, akaweka 9600, madudu yakatoka, akamwambia ataleta mwenzake na hakurudi. Binti aliogopa. Aliyekuwa zamu siku hiyo ni yeye.

"Nilidhani nimeiharibu mimi," alisema.

Rahma hakunitazama. Alipiga magoti chini ya meza, akaanza kufungua kompyuta, na kutoka kule chini nikamsikia anasema, "Si wewe, dada. Ni mimi. Ngoja nikuonyeshe." Akamwonyesha mpaka akaelewa. Kisha akaomba penseli yangu, akaandika ndani ya kifuniko: kristali 14.7456, draiva imerekebishwa, mwendo 9600. Mwandiko wake mzuri, si kama wangu. Nikaweka shanga zangu tatu chini yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa ya mwisho. Macho yamechoka, hata kwa lenzi sasa naona vikopo viwili pale penye kimoja, na fundi anayeona viwili bora akae nyumbani acheze na vitukuu. Mlinifanyia sherehe, pilau lilikuwa na chumvi nyingi, nashukuru.

Wiki iliyopita Sule alikuja nyumbani. Alinisalimia shikamoo, akakaa, akanywa chai, akatoa kiboksi mfukoni. Ndani kulikuwa na mhuri wa mpira, umechongwa shanga tatu, kazi nzuri kweli, viduara vimeshikana vilevile. Akasema vituo vimezoea alama ile. Wakiiona wanapokea mashine bila maswali. Basi mimi nipumzike tu, yeye atakuwa anagonga mhuri, na heshima yangu itabaki.

"Na aliyezifungua atakuwa nani?"

"Rahma. Vijana. Kazi ni ile ile, Bi Zuhura. Mashine zitakuwa nzima."

"Rahma ana mkono wake. Mpe penseli achore ya kwake."

"Watu hawaijui ya kwake."

"Hata yangu hawakuijua."

Akausukuma mhuri mezani taratibu, karibu na kikombe changu, kama mtu anayemsogezea mtoto dawa. Akasema tena kwamba ungesaidia, kwamba hauna madhara, kwamba hata baba yake angekubali. Nikakifunga kiboksi, nikamrudishia mkononi, nikamwambia, "Alama yangu siiweki juu ya uongo, hata kama uongo unafanya kazi."